Mbio Mbili za Mwoga wa Bukalanga

Telesphori Bujiku wa Bukalanga alikuwa mwoga, na jambo hilo halikuwa siri wala tusi, maana mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitangaza. "Mimi ni mwoga," angekuambia kabla hujamaliza kumwomba akusindikize porini, "tafuta mwingine." Utotoni, fisi walipolia ng'ambo ya mto, ndugu zake walijifunika blanketi. Yeye aliingia ndani ya kihenge cha mtama, akakaa humo mpaka mama yake, Anisia, alipokuja kuchota nafaka ya uji. Mama huyo hakumcheka. Alimpangusa pumba kichwani, akamwambia maneno ya wahenga ambayo Telesphori aliyashika kuliko katekisimu: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Alipokuwa kijana, mdogo wake Ignas alimshawishi waende Mwakitolyo kuchimba dhahabu. Telesphori alishushwa kwa kamba ndani ya duara, lile shimo jembamba ambalo wachimbaji huingia mmoja mmoja, akafika chini, akahisi mchanga ukimdondokea shingoni. Akaitikisa kamba kama ng'ombe aliyenaswa. Walipomtoa, alichukua shuka lake na kurudi nyumbani kwa miguu bila hata kunawa uso. Wachimbaji walimtungia wimbo. Wiki mbili baadaye duara lile lilititia na watu wawili wakafia humo, na wimbo ule haukuimbwa tena. Ignas alibaki machimboni, kwenye duara jingine.

Mungu hamnyimi mwoga vyote. Alimpa Telesphori miguu. Zahanati ya misheni ilipomwajiri kuwa tarishi, kazi yake ilikuwa kupeleka barua na kuchukua dawa Runzewe, na kwa kuwa aliogopa njia za vichakani, hakutembea humo hata siku moja. Alikimbia. Miaka tisa ya kuogopa kila siku ilimfanya kuwa mkimbiaji ambaye hata vijana wa sekondari hawakumpata. Angezeeka hivyo kwa amani, kama si Mwabasiga.

Mwabasiga kilikuwa kijiji cha wafugaji, kilometa tisa kutoka Bukalanga, na ndiko Telesphori alikooa. Miaka ile wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu, nao wakajiundia walinzi wa jadi, wanaume wa upinde na filimbi, wenye sheria zao. Sheria ya kwanza ilikuwa ya mwano, yaani lile yowe la wizi. Filimbi ikilia, kila mwanamume anayeisikia hupuliza ya kwake, hushika silaha na kukimbia kuelekea ilikotokea. Ukienda iliko filimbi, wewe ni mwenzao. Ukiipa mgongo, wewe ndiye mwizi. Mtu wa tatu hayupo. Aliyekaa chini huulizwa, anayekimbia hupigwa.

Mwaka 1982 Ignas, aliyekuja kusalimia, alikuwa akikatiza Mwabasiga mwano ulipolia. Badala ya kwenda iliko filimbi, damu ya kwao ilimpanda kichwani, akatimua mbio porini na hakusimama mpaka Mwakitolyo. Ng'ombe walipatikana siku ya tatu, wamekwama kwenye matope ya mto, hakuna aliyewaiba. Ng'ombe walirudi zizini, lakini jina la Ignas halikurudi. Mtu asiye na hatia angekimbia nini? Ukoo wake wote ukaandikwa wa mwizi. Ikawa marufuku mtu wa Mwabasiga kula, kulala, wala kuomba moto nyumbani kwa ndugu za Ignas, na atakayevunja marufuku naye atengwe. Telesphori aliletewa pia ujumbe wake peke yake: siku tukikuona unakimbia kwenye ardhi yetu, hatutauliza.

Yeye naye hakuuliza. Kwa miaka miwili hakukanyaga huko. Barua za Mwabasiga alimpa katekista Pantaleo, mtu wa baiskeli, anayeheshimika kote, na yeye akashika njia ya Runzewe.

Lakini mwaka 1984 mkewe Generoza alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba mbili zilizotangulia ziliishia kwenye vilio, ya pili njiani, juu ya baiskeli, katikati ya Bukalanga na hospitali ya Ushirombo. Mama yake Generoza, Paskazia, alikuwa mkunga ambaye mikono yake ilipokea nusu ya watoto wa Mwabasiga. Mikono hiyo ilikuwa kilometa tisa tu, na haikuruhusiwa kuvuka kizingiti cha Telesphori, wala Generoza kuvuka cha mama yake.

"Mume wangu," Generoza alimwambia jioni moja akichambua mchicha, sauti yake haina ugomvi wowote, "hii nikiizaa bila mama, siipati. Na mimi mwenyewe sijui."

Telesphori aliinuka. Alitoka nje, akasimama nyuma ya choo, na kwa mara ya kwanza aliona aibu ya woga wake. Kesho yake alikwenda kwa Pantaleo na kumwomba akaseme na Mzee Ngassa, mkuu wa walinzi wa Mwabasiga.

Pantaleo alirudi na jibu na kipande cha gunia la pamba. Upepo, alisema, ulikuwa umeezua shule ya Mwabasiga, na siku ya Sabasaba, saa nane mchana, kijiji kingefanya mbio za hisani, kilometa tatu kwenda na kurudi, kila mkimbiaji na wadhamini wake wa kuchangia mabati. Mzee Ngassa alikuwa amesema: aje akimbie. Akimbie mchana kweupe, watu wote waione miguu yake na uso wake. Mwizi haji kujionyesha. Akimaliza mbio, mkwewe ataruhusiwa kwenda kwake.

"Na hii ni namba yako," Pantaleo alisema. Kwenye gunia iliandikwa kumi na tisa kwa buluu ya kufulia.

"Walisema wakiniona nakimbia hawatauliza," Telesphori alisema.

"Nitakupakia kwenye baiskeli mpaka mstarini. Ukiwa na mimi, nani atakugusa? Na filimbi haitapigwa. Mzee ameapa, mbio zitaanzishwa kwa ngoma."

Basi akabaki na siku kumi za kuogopa. Na kana kwamba hilo halitoshi, Sabasaba hiyohiyo misheni nayo ilikuwa na mbio zake, kilometa tatu, za kuchangia chumba cha wazazi kwenye zahanati, na Sista Melania, msimamizi wa zahanati, alikuwa amekwisha kuliandika jina la Telesphori juu kabisa. Wadhamini wake walikuwa wameahidi tripu nne za mawe na mifuko mitatu ya saruji, na saruji mwaka ule ilikuwa adimu kuliko mvua ya Julai.

"Sista, siku hiyo nina mbio nyingine Mwabasiga," alimwambia.

"Zinaanza saa ngapi?"

"Saa nane."

"Zetu ni saa tatu asubuhi. Mungu amekupa miguu miwili, Telesphori, mmoja kwa kila mbio."

Huyo ndiye Sista Melania. Ungemwambia unakufa angekuuliza saa ngapi.

Saa tatu ilikuwa saa tatu ya kwenye karatasi. Misa ya Sabasaba iliendelea mpaka saa nne na nusu, kwa kuwa padre alikuwa na mengi ya kusema juu ya uvivu, na alipomaliza uvivu akagusia pombe. Mbio zikaanza saa tano, kutoka kanisani mpaka darajani na kurudi. Telesphori alikimbia akihesabu. Si hatua, bali kivuli chake, jinsi kilivyokuwa kikifupika chini ya miguu. Alishika nafasi ya nne, yeye aliyezoea kuwaacha wote, na watu wakamzomea kwa upendo. Hakuwasikia. Sista alimpa maji ya glukosi kwenye kikombe cha bati, akamwambia mawe yake na saruji yake vimepatikana, na Telesphori akainywa glukosi ile huku akimtafuta Pantaleo kwa macho.

Saa sita walikuwa barabarani, Pantaleo akikanyaga pedeli na Telesphori nyuma kwenye keria, amejifunga namba kumi na tisa kifuani kwa miiba ya mgunga. Kilometa ya tatu tairi la nyuma likapiga pancha. Solusheni ya kubandikia viraka haikuwa imeonekana madukani tangu Pasaka. Wakaifunga tyubu fundo kwa utepe wa mpira, wakajaza upepo, ikatoa pumzi. Wakaifunga tena, ikatoa tena. Pantaleo, mtu wa Mungu, akasema neno ambalo halimo katika sala yoyote. Waliponyanyua macho, jua lilikuwa limekwisha kuvuka utosi. Ilikuwa saa saba na nusu, na kilometa sita bado.

"Nenda," Pantaleo alisema.

"Twende wote."

"Mimi nina miaka hamsini na mitano na ngiri. Nenda, ndugu yangu. Ukichelewa watasema umeogopa, na wakishasema umeogopa watauliza unaogopa nini. Mkeo je?"

Neno lile la mwisho ndilo lililomsukuma. Telesphori alivua katambuga zake, akamwachia, akaanza kukimbia peku kuelekea mahali ambako alikatazwa kukimbia. Jambo moja tu ndilo alilolifikiria kwa kilometa nzima: namba ilikuwa kifuani. Mgongoni hakuwa na kitu.

Alipofika kwenye mawe meupe ya mpaka, alisimama. Huko mbele ndiko. Pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa, mashamba yamebaki mabua makavu na vumbi, na mtu angeonekana kutoka mbali sana. Akajitungia sheria yake: asipoona mtu akimbie, akiona mtu atembee. Alimwona mwanamke akianika makopa ya muhogo juu ya jiwe, akapunguza mwendo ghafla, akapita taratibu kama anayekwenda kununua chumvi, huku jasho likimchuruzika na kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi.

"Mwadila, mayo," alimsalimu kwa Kisukuma, mchana mwema, mama.

"Mwadila," mwanamke alijibu, akamtazama miguu, akatazama vumbi lililokuwa bado halijatua nyuma yake. Telesphori alihisi macho yale yakimchoma mgongo hatua hamsini nzima, na alipopita kona akakimbia tena, haraka kuliko mwanzo.

Bado kilometa mbili hivi. Aliliona kwa mbali ghala la pamba, ambalo Pantaleo alimwambia ndilo kituo cha wakimbiaji kugeukia. Akaanza kufikiri kwamba huenda angefika. Ndipo filimbi ikalia.

Ililia mara moja, ndefu, kutoka upande wa kijijini. Kisha kimya. Kisha ya pili ikajibu kushoto, karibu na mto. Ya tatu kulia. Ya nne nyuma yake, kule alikomwacha mwanamke wa makopa. Na yowe likapanda juu ya mashamba, sauti za wanaume zikipokezana, "Ng'wibi! Ng'wibi!", mwizi, mwizi.

Telesphori hakuwa na shaka hata chembe. Wamemwona. Ngoma waliyoahidi ilikuwa mtego, ama yule mama amepasha habari, ama Ignas ameonekana mahali, yote sawa, wamemwona na hawatauliza. Miguu yake haikungoja shauri lake. Ilikuwa imekwisha kugeuka kuelekea porini, na alikuwa ameruka mtaro na kupiga hatua kumi, kumi na tano, kati ya mabua, pori lile likimwita kama kihenge cha utotoni, lenye giza na salama. Mkojo ulimtoka. Alihisi joto likishuka mapajani, na hakujali.

Na katikati ya hatua akamkumbuka Ignas. Alimwona kabisa, mgongo wake ukipotea porini, na nyuma yake nyumba nzima ikigeuka kuwa ya mwizi kwa sababu ya mgongo ule. Kama yeye naye akiingia pori hili, Paskazia hatavuka kizingiti chake milele, na Generoza atajifungua peke yake.

Alisimama. Hakuna anayejua ilimgharimu nini kusimama, maana hata yeye akisimulia, akifika hapo alianza kukunakuna goti. Aliokota fimbo iliyokuwa chini, akageuka, akarudi barabarani, akaanza kukimbia kwenda iliko filimbi.

Wachungaji wanne walipanda kutoka mtoni, pinde mikononi, wakaungana naye barabarani.

"Yuko wapi?" mmoja aliuliza akihema.

"Nimesikia mwano," Telesphori alijibu, na hilo lilikuwa kweli.

Walimtazama mara moja, wakaona mtu mwenye fimbo anakwenda upande wanaokwenda wao, wakaridhika. Na wengine wakaja, kutoka shamba hili na lile, kumi, kumi na watano, na Telesphori katikati yao, akikimbia bega kwa bega na watu waliokuwa wakimsaka yeye mwenyewe. Alipaza yowe pamoja nao. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga. Kila mmoja aliyemgeukia, Telesphori alidhani ndiye atakayesema, huyu si ndugu yake Ignas?

Walipolikaribia ghala la pamba, vumbi liliinuka mbele yao, na ndani ya vumbi watu wakikimbia. Walikuwa saba, vijana, vifua wazi, bukta za gunia, wanakuja mbio moja kwa moja. Mlinzi mmoja akapiga kelele. Wale vijana waliinua macho, wakaona barabara imejaa pinde, nao wakafanya kile ambacho mtu yeyote angekifanya. Waligeuka, wakaingia kwenye mabua ya pamba, wakakimbia.

Basi ikawa imethibitika. Walikuwa wameipa filimbi mgongo.

Lakini Telesphori alikuwa ameona. Kabla hawajageuka, kifuani kwa kila mmoja wao aliona kipande cha gunia, na buluu ya kufulia. Hao si wezi. Hao ni wakimbiaji wa Sabasaba, na filimbi ile haikuwa ya mwizi wala haikuwa yake. Ilikuwa ya mbio.

"Wakimbiaji hao!" alisema. Yowe la watu kumi na watano lilimeza maneno yake. Mchungaji aliyekuwa kando yake alipiga goti, akaweka mshale kwenye upinde.

Hapa palikuwa na nafasi ya kunyamaza. Telesphori mwenyewe alikiri hivyo baadaye bila kupepesa. Alikuwa upande salama, na fimbo mkononi, na hakuna aliyemjua. Angekaa kimya, jioni angekuwa mmoja wa waliokimbilia mwano, na jina lake lingekuwa jeupe kuliko alivyotazamia. Ilimbidi tu awaache vijana saba wapigwe. Akafikiria mama zao. Akafikiria pia mgongo wake usio na namba, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa ndani ya duara, kuliko fisi, kuliko yote.

Akatupa fimbo, akatoka mbele ya pinde zote, akakimbia.

Zilikuwa kama hatua mia tatu, na hizo ndizo zilikuwa mbio zake za pili. Wale vijana walikuwa wepesi, asubuhi ile hawakuwa wamekimbia popote, na yeye alikuwa na kilometa tatu za misheni miguuni na zaidi ya nne za barabarani. Akawapita. Nyuma yake alisikia mtu akisema jina la Ignas, tena kwa sauti. Alipomfikia wa mbele kabisa alimshika mkono, akamvuta chini. "Kaeni! Kaeni chini! Aliyekaa hapigwi!" Wakaanguka mmoja baada ya mwingine kati ya mabua, wakikohoa vumbi, na Telesphori akageuka, akaeneza mikono, kifua na namba yake vikielekea kwenye pinde, ili naye akae.

Hakuwahi. Mshale ulimwingia kwenye paja la kushoto, naye akaketi kwa namna nyingine.

Kwanza hakusikia maumivu. Wanaume walifika, wakasimama, wakaona magunia yenye buluu, wakatazamana, na pinde zikaanza kushuka moja moja. Hakuna aliyekubali, wala mpaka leo hakuna aliyekubali, kwamba mshale ule ulikuwa wake. Kisha mmoja wa vijana wale akasema kwa sauti ndogo kitu ambacho kila mtu alikuwa anakifikiri: "Una sumu?"

Maana kulikuwa na mishale ya aina mbili Mwabasiga. Wa kwanza unatibika. Wa pili, mtu hupata muda wa kusali sala moja, na sala yenyewe iwe fupi.

Mzee Ngassa alifika amepakiwa kwenye baiskeli, koti limemfunguka, kofia imepotea njiani. Ikajulikana palepale kilichotokea. Ngoma ilikuwa tayari, mpigaji tayari, lakini mgeni rasmi aliyeletwa kufungua mbio, mtu wa mbali ambaye zamani alifundisha michezo shuleni, alikuja na filimbi yake shingoni. Kabla mzee hajamshika mkono, alikwisha kuipuliza kwa nguvu zake zote, akifurahi. Waliokuwa kijijini walimkimbilia Ngassa, akawaeleza. Wachungaji wa mtoni hawakuwa na wa kuwaeleza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyo mgeni nusura awazike wenyeji saba.

Ngassa alipiga magoti kwenye vumbi. Aliuchomoa mshale bila kumwambia Telesphori ajikaze, akaigeuza ncha yake puani, akanusa. Akanusa tena. Telesphori alimtazama yule mzee pua, tundu zake mbili na nywele nyeupe ndani yake, na akaona kwamba maisha yake yote yako mle. Alitaka kutubu jambo fulani. Jambo lililomjia kichwani lilikuwa Generoza na mchicha.

"Mtupu," Ngassa alisema. "Hauna kitu." Ndipo akamtazama usoni, akaona namba kumi na tisa, na akaona pia bukta iliyolowa. "Ni wewe, mume wa binti wa Paskazia?"

"Shikamoo, mzee," Telesphori alisema.

"Marahaba, mwanangu," Ngassa alijibu, na wengine wakaanza kutazama chini.

Wazee wa Mwabasiga walibishana jioni ile iwapo Telesphori alimaliza mbio. Mmoja alisema hakufika mstarini, tena hata hakuanzia mstarini. Mwingine alisema masharti ni masharti. Mzee Ngassa aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama wanataka amalizie, wambebee wao mguu huo mpaka mstarini. Mabati ya shule yalichangwa mwezi uliofuata, bila mbio na bila mgeni rasmi.

Siku ya nne, mkokoteni wa ng'ombe ulisimama uani kwa Telesphori. Aliyeuongoza alikuwa Mzee Ngassa mwenyewe, na aliyekaa juu, na kikapu chake cha dawa na kitenge kipya, alikuwa Paskazia. Hakumtazama mkwewe usoni wala hakumwita jina, maana ndivyo desturi inavyotaka kati ya mama mkwe na mume wa binti yake. Alipita, akaingia ndani, akaweka mikono yake juu ya tumbo la Generoza, na Telesphori, aliyelala kwenye mkeka barazani mguu umefungwa, akasikia mkewe akitoa pumzi ndefu ambayo hakuwahi kumsikia akiitoa kwa miaka miwili.

Baadaye, nyuma ya pazia, sauti ya mama mkwe ikasikika, ikisema na binti yake lakini kwa nguvu ya kutosha.

"Muulize mume wako. Mwabasiga nzima wanasema alijikojolea barabarani. Ni kweli?"

Generoza alichungulia, uso umemwiva kwa aibu.

"Mwambie mama ni kweli," Telesphori alisema. "Tena kabla ya mshale. Nilipotaka kukimbia."

Paskazia alianza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa heshima ya desturi, akashindwa, akacheka mpaka ikambidi ashike ukuta. Generoza akafuatia, amelishika tumbo lake kwa mikono miwili. Uani, Mzee Ngassa, aliyekuwa akifungua nira ya ng'ombe, alisikia na yeye akaanza. Telesphori alibaki amelala barazani akiwasikiliza. Paja lilimuuma, na lingemuuma kila masika mpaka uzeeni, naye hakukimbia tena. Alimkumbuka mama yake Anisia na pumba za mtama kichwani mwake. Kicheko kilikuwa kimemfikia nyumbani kweli, kama alivyoahidiwa, na huko Mwabasiga, katika nyumba saba, hapakuwa na kilio.